Daktari-mtafiti wa mionzi na tiba ya kinga: nianzie wapi?

Mwanagenzi_Onko
Wakuu, salaam. Nipo kwenye ubingwa wa tiba ya mionzi na nataka niwe wa kliniki na wa maabara pia, nikifanyia kazi mionzi pamoja na dawa za kuzuia PD-1 na PD-L1 (breki zinazozuia seli za kinga kushambulia saratani). Kinachonitatiza ni kwamba panya wanapona, ila majaribio mengi ya wagonjwa yanagonga mwamba. Uwanja huu bado una kazi? Na jaribio la kwanza la panya lipangweje: dozi gani, dawa ianze lini?

Limfosaiti
Kazi ipo, tena nyingi. Hayo majaribio yasome ukiangalia dawa ilianza lini na mionzi ilipita wapi.

Jaribio la PACIFIC lilikuwa la saratani ya mapafu hatua ya tatu isiyoweza kupasuliwa. Durvalumab, dawa ya kuzuia PD-L1, ilianza siku 1 hadi 42 baada ya kemo na mionzi kwisha. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 16.8 dhidi ya 5.6 kwa wasioipata, na waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 42.9 dhidi ya 33.4. PACIFIC-2 ikaanza dawa hiyohiyo sambamba na kemo na mionzi, na faida haikuonekana. JAVELIN Head and Neck 100, iliyotoa avelumab (nayo ni ya kuzuia PD-L1) pamoja na kemo na mionzi kwa saratani za kichwa na shingo, nayo haikufanikiwa.

Sababu moja inayoeleweka: limfosaiti (seli nyeupe za kinga, zikiwemo seli T) hufa kwa dozi ndogo sana, grei 2 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinatosha kuua karibu nusu yake. Ukipiga mionzi kila siku kwa wiki 6 au 7, na eneo likajumuisha tezi za limfu zisizo na ugonjwa kwa tahadhari tu, unaua seli zilezile ambazo dawa inataka kuziamsha.

Lakini usiifanye hiyo kuwa kanuni. KEYNOTE-A18 ilitoa pembrolizumab (ya kuzuia PD-1) sambamba na kemo na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, kisha ikaendelea nayo, na ikafanikiwa. CALLA ilijaribu durvalumab kwa ugonjwa huohuo, haikufanikiwa. Kwa nini? Swali la aina hiyo ndilo linaloweza kubeba maabara nzima kwa miaka kumi.

Fizikia_ya_Panya
Nijibu la panya. Pandikiza seli za saratani ubavu wa kulia, na siku mbili baadaye ubavu wa kushoto. Mionzi ipige kulia peke yake. Kushoto ndiko utakakoona kama kinga imesambaa mwilini. Seli 100,000 kila upande zinatosha kwa aina nyingi. Subiri uvimbe wa kulia ufike milimita 50 hadi 80 za ujazo, ndipo ugawe panya kwa bahati nasibu, makundi manne: bila tiba, dawa tu, mionzi tu, vyote viwili. Kundi lisilopata dawa lipewe kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu.

Dozi: anza na grei 8 mara 3, siku tatu mfululizo. Kazi ya mwaka 2009 iliyotumia kingamwili dhidi ya CTLA-4 (breki nyingine ya seli za kinga) ilionyesha kuwa dozi iliyogawanywa ilipunguza uvimbe wa mbali, lakini grei 20 kwa mkupuo mmoja hazikufanya hivyo. Mwaka 2017 sababu mojawapo ikapatikana: dozi moja ikivuka takriban grei 12 hadi 18, seli huzalisha kwa wingi kimeng'enya TREX1, kinachokatakata DNA iliyovuja nje ya kiini. DNA hiyo ndiyo inayoamsha njia ya cGAS na STING (kengele ya hatari ndani ya seli) na kuita interferoni, protini zinazoamsha kinga. Ikiisha, wito nao unakatika. Kingamwili (yaani dawa yenyewe): maikrogramu 200 kwa sindano ya tumboni kila siku ya tatu, mara tatu au nne.

Mahali watu wanapoharibu:

Umbali. Mashine ikipimwa kwa sentimita 30 na mgongo wa panya ukainuka sentimita 2 kuelekea chanzo, dozi inapanda karibu asilimia 15. Pima kwa filamu pale panya anapolala, usitegemee jedwali la mashine.

Ngao ya risasi. Weka filamu juu ya uvimbe wa kushoto pia. Ukiwa umepata hata nusu grei, huwezi tena kudai kwamba ni kinga peke yake iliyoupunguza.

Tezi ya limfu. Angalia kama ile inayopokea majimaji ya uvimbe imo ndani ya mionzi. Amua mapema na uandike, maana matokeo yanaweza kugeuka kwa hilo tu.

Aina ya seli. MC38 (saratani ya utumbo mpana ya panya) huitikia kirahisi mno, B16 (melanoma ya panya) ni ngumu. Matokeo ya MC38 pekee usiyapeleke kwa mgonjwa.

Halafu rudia jaribio ukiwa umeondoa seli za CD8 (seli T zinazoua seli za saratani). Faida isipopotea, maelezo yako ya kinga hayajasimama. Anayepima uvimbe kwa kalipa asijue panya yupi ni wa kundi lipi.

Limfosaiti
Naongeza: panya hubeba uvimbe mchanga wa wiki mbili, mgonjwa ana ugonjwa wa miaka. Jaribio la wagonjwa 62 wenye saratani ya kichwa na shingo iliyosambaa (2021) lilikuta nivolumab (ya kuzuia PD-1) peke yake ina mwitikio wa asilimia 34.5, na ikiongezewa grei 9 mara 3 kwenye kivimbe kimoja, asilimia 29.0. Mionzi haikuongeza kitu kwenye vivimbe vya mbali.

Mwanagenzi_Onko
Asanteni sana wakuu. Na upande wa kliniki, nikusanye nini tangu sasa?

Kliniki_na_Benchi
Kwanza muda. Ruzuku ya K08 ya Marekani, ya madaktari wanaojifunza utafiti, kwa kawaida hudai angalau asilimia 75 ya muda wa kazi iende kwenye utafiti. Popote ulipo, dai kiwango cha namna hiyo kwa maandishi. Kliniki iwe ya aina moja ya saratani, ili wagonjwa unaowaona ndio wenye sampuli unazozihitaji. Tafuta walezi wawili, mmoja wa kinga na mmoja wa mionzi.

Ukishapata kibali cha maadili, chukua damu kabla ya mionzi, katikati, na mwisho. Tenga seli ndani ya saa 8. Damu ikilala, granulosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) huchafua tabaka la seli unazozitaka na vipimo vya seli T hupotoka. Zigandishe kwa DMSO (kimiminika kinachozilinda na barafu) asilimia 10, joto lishuke digrii moja kwa dakika, kisha nitrojeni ya maji. Hesabu ya limfosaiti ya kila wiki kwa kawaida imo tayari kwenye faili: ilinganishe na ujazo wa tezi na damu uliopita ndani ya mionzi.

Mgonjwa wa mapafu akianza kukohoa au kuhema akiwa kwenye dawa, mpige CT. Kivuli kilichofuata mpaka wa mionzi huelekeza kwenye mionzi. Kilichotapakaa pande zote, kwenye dawa, ingawa mara nyingi huwezi kutenganisha. Ondoa maambukizi kwanza. Uchochezi wa mapafu ukiwa wa daraja la pili (wa wastani): simamisha dawa ya kinga, toa prednisoloni (steroidi) miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ipunguzwe taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Ukiikata prednisoloni haraka, kikohozi hurudi. Daraja la tatu na kuendelea, dawa ya kinga isirudiwe.