Mrejesho: igizo kuhusu waomba hifadhi walio kizuizini

Asanteni nyote mliojibu swali langu la namna ya kuonyesha jukwaani maisha ya waomba hifadhi wanaoshikiliwa na uhamiaji, bila kuwaponza.

Ushauri wa kuunganisha shuhuda za watu watatu kuwa mhusika mmoja ndio uliookoa kazi. Majina, tarehe na njia za safari vilibadilishwa, kisha wakili akapitia mswada: maelezo ya jukwaani yakipishana na yaliyo kwenye faili la maombi ya hifadhi, yanaweza kutumika kudai kuwa mwombaji anadanganya. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa.

Chumba cha kizuizini tulikichora sakafuni kwa utepe mweupe, mita 2 kwa 3. Kinatosha, nondo za mbao tulizotumia awali zilikuwa zinaziba nyuso za waigizaji tu.

Jukwaa shirikishi, mbinu ya mwanatamthilia wa Brazili Augusto Boal ambapo watazamaji huingia kuigiza, lilifaulu nusu. Watazamaji walioitwa kuingia kwenye igizo walimshambulia mlinzi kwa maneno, lawama zikaishia kwake na sheria ikasahaulika. Onyesho la pili tukawapa nafasi ya wakili na ya ndugu anayetembelea. Hapo maswali ya dhamana na ukomo wa kushikiliwa yakaibuka.

Kadi za kumwandikia mbunge zigaweni watu wakiwa bado wamekaa. Tulizoweka mlangoni zilibaki karibu zote.