Je, naweza kuomba udhuru nisitoe ushahidi mahakamani msimu huu wa karafuu?

Mkulima wa Mtambwe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimepokea hati ya wito inayonitaka nifike Mahakama ya Mkoa Wete, hapa Pemba, kuwa shahidi wa upande wa mashtaka katika kesi ya udhalilishaji wa kijinsia wa mtoto wa jirani yetu, na tarehe iliyoandikwa imeangukia katikati ya uchumaji. Wachumaji nimeshapatana nao kwa pishi, na karafuu zikiachwa mtini mpaka zikawa mpeta, yaani zikapevuka kupita kiasi, bei yake si ile tena. Isitoshe, mshitakiwa ni mjomba wa mke wangu, na wazee wananijia kila baada ya Magharibi kuniomba jambo hili liishie nyumbani. Polisi nilishaandikisha maelezo. Hayatoshi hayo?

Karani Mstaafu
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Hayatoshi, kwa sababu mshitakiwa ana haki ya kukuhoji ana kwa ana juu ya yale uliyoyasema, na karatasi haihojiki. Shahidi aliyepelekewa wito kihalali akakaa nyumbani bila ya sababu ya msingi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Karafuu hazikutoi katika wito, ila zinaweza kukupa siku nyengine: ichukue hati yako sasa hivi, usingoje siku ya kesi, umwone mwendesha mashtaka umweleze, naye ataomba mbele ya hakimu, na uamuzi ni wa hakimu.

Mama wa Konde
Mimi huo ujomba ndio unaonitia hofu kuliko karafuu. Mahakama maalum za kesi za udhalilishaji zilianzishwa hapa Zanzibar mwaka 2021 ili kesi hizi zisikae, lakini hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi ambao haukuletwa, na ushahidi hauletwi kwa sababu ya muhali, yaani kuoneana haya: huyu ni shemeji, yule ni jirani, mwengine kaombwa na wazee. Mtuhumiwa huachiwa akarudi mtaa ule ule anaoishi mtoto. Wazee hao wanaokujia, kaka yangu, kuna hata mmoja aliyepita kwa mama wa mtoto kumjulia hali?

Ustadhi wa Chake
Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Mjomba wa mke yumo humo.

Mkulima wa Mtambwe
Nimewafahamu, na swali la Mama wa Konde limeniingia. Nitakwenda Wete kumwona mwendesha mashtaka. Tarehe ikisogezwa, alhamdulillahi. Isiposogezwa, mdogo wangu atasimamia wachumaji na kuanika.

Karani Mstaafu
Vyema. Ukifika, omba pia uyasome tena maelezo yako kabla ya kupanda kizimbani, na wazee wakizidi kukushinikiza mwambie mwendesha mashtaka, kwani kumzuia shahidi ni kosa.