Naomba ushauri: nijengeje hoja ya kutetea msaada wa serikali kuu kwa majimbo?

Habari zenu wakuu. Nasoma chuo hapa Ohio, na wiki ijayo tuna mdahalo darasani. Nimepangiwa upande unaotetea Washington kuyasaidia majimbo yaliyoishiwa, na upande huo nauamini kabisa.

Hoja yangu kuu ni kwamba karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa na sheria yasiwe na bajeti yenye nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato. Uchumi ukiyumba, kodi zinapungua, na gavana analazimika kupunguza walimu na zimamoto wakati uleule wananchi wanahitaji huduma zaidi. Serikali kuu ndiyo yenye uwezo wa kukopa. Ndiyo maana 2009 Obama alisaini mpango wa kuinua uchumi wa dola bilioni 787, ambao sehemu yake ilienda kwa majimbo, na 2021 Biden akasaini sheria iliyotenga bilioni 350 kwa majimbo na serikali za mitaa.

Ninapokwama ni hapa: wapinzani watataja jimbo la Illinois na madeni yake makubwa ya pensheni za watumishi. Kwa nini mlipakodi wa jimbo lililojibana alipie jimbo lililotapanya? Watanitupia pia mfumuko wa bei wa 2022, uliofika asilimia 9.1 mwezi Juni, wakidai ulichochewa na fedha hizo za serikali kuu. Hilo la pili nina pa kuanzia, kwani vita vya Ukraine vilipandisha mafuta. La kwanza linaninyima usingizi. Mliosomea uchumi, mngelijibuje?