Mmeweka kiraka cha kerneli, seva hamjaiwasha upya, halafu mnasema "tumeziba"?

Wakuu, hii tabia ikome. Likitangazwa tundu la usalama kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, msimamizi wa seva anapiga `apt upgrade` (amri ya kusasisha vifurushi), mistari inapita bila kosa, tiketi inafungwa. Mmeziba nini? Kifurushi kimeweka vmlinuz mpya (faili la kerneli) ndani ya /boot, basi. Inayoendesha mashine ni kerneli kuukuu iliyopakiwa kwenye kumbukumbu siku seva ilipowashwa, hata kama ni mwaka juzi.

Na msinijibu kwa `uname -r`, amri inayoonyesha namba ya kerneli inayoendesha mashine. Kwenye Debian namba hiyo inaweza kubaki vilevile hata baada ya kiraka. `uname -v` ndiyo inayotaja toleo kamili la kifurushi. Wengine wanalinganisha namba kwa macho tu. Dirty Pipe (tundu la kerneli, CVE-2022-0847) ilizibwa kwenye kerneli rasmi 5.10.102, lakini Debian 11 waliingiza marekebisho yaleyale kwenye 5.10.92-2 yao. Namba ndogo, kiraka kimo. Someni orodha ya mabadiliko ya kifurushi, acheni kubahatisha.

Mnaosema "tutawasha mwisho wa mwezi", hivi mnajua tundu hilo la Dirty Pipe lilifanya nini? Alama za bafa ya paipu (njia ya kupitishia data kati ya programu) hazikusafishwa kabla ya kutumika tena, kerneli ikadhani inaruhusiwa kuendelea kuandika juu ya ukurasa wa faili uliomo kwenye kashe (nakala iliyo kwenye kumbukumbu). Mtumiaji wa kawaida, mwenye ruhusa ya kusoma tu, aliweza kubadilisha /etc/passwd (faili la akaunti za watumiaji) na kujipa uruti, yaani mamlaka yote ya mashine. Dirty COW, tundu jingine la kerneli la 2016, angalau ilimtaka mshambuliaji ashinde mbio za nyuzi mbili za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja. Hii haikuhitaji hata hilo.

Watu wa kontena ndio wanachekesha zaidi: wanajenga upya imeji zote, seva mama hawaigusi. Kontena haina kerneli yake, inatumia ya seva mama!

Najua kinachowatia hofu: seva isipoamka. Basi kagueni kabla. `df -h /boot` kwanza, maana ikijaa, initramfs (faili linalohitajika kuwashia kerneli) inakatikia njiani, na `apt autoremove --purge` inaondoa kerneli za zamani. Kisha `dkms status`, inayoonyesha moduli (vipande vya kerneli, kama draiva) za nje zilizojengwa: moduli ya nje isipojengwa kwa kerneli mpya, mara nyingi kwa sababu vichwa vya kerneli havijasakinishwa, haitapanda, na ikiwa ndiyo draiva ya mtandao, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) hamtaipata. Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, moduli isiyo na sahihi inayotambulika inakataliwa pia. Bakizeni kerneli moja ya zamani kwenye GRUB (menyu ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha), na muwe na konsoli ya mbali isiyotegemea SSH.

Viraka vya moja kwa moja, visivyohitaji kuwasha upya, vipo, sawa, ila havizibi kila tundu.

Kuanzia sasa, anayefunga tiketi abandike `uname -v` na `uptime` (muda tangu seva iwashwe) za baada ya kuwasha. Picha ya apt ikimaliza kazi hatuitaki.