Je, mtoto wa mlevi huurithi ulevi?

Shangazi Mlezi
Salamu kwenu nyote. Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka 11, ambaye amekuwa nami tangu alipokuwa na miaka mitatu. Baba yake alizama katika gongo hadi ini likamshinda. Mwezi uliopita, katika kikao cha ukoo, kaka yetu mkubwa alisema mbele ya watu wote kwamba ninajisumbua bure, kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi siku zote nimeshikilia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naomba mwenye elimu ya urithi anieleze: ulevi humwingia mtoto kwa damu, au huupata kwa kuona? Na je, nimsimulie habari za baba yake?

Mwalimu wa Baiolojia
Dada, pole kwa msiba, na pole kwa maneno hayo. Swali lako liliwahi kuchunguzwa nchini Denmark na Donald Goodwin na wenzake, waliofuatilia wanaume walioasiliwa na familia nyingine kabla hawajatimiza wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1973 yalionyesha kwamba, kati ya 55 waliozaliwa na mzazi mlevi, asilimia 18 walikuja kuwa walevi, ilhali kati ya wenzao 78 ambao wazazi wao hawakuwa hivyo, ni asilimia 5 tu. Kwa kuwa hawakulelewa na mzazi aliyewazaa, hatuwezi kusema kwamba walimwiga, na hapo kaka yenu ana hoja. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inasema kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwa walevi. Sijui ni nyoka gani huyo ambaye wanawe wengi kiasi hicho si nyoka.

Mpita Njia
Mimi nilisoma kwamba utafiti wa pacha unakadiria urithi wa uraibu wa pombe kuwa takribani asilimia 50. Basi kijana huyu ana nusu kwa nusu, tusimfariji dada kwa maneno matamu.

Mwalimu wa Baiolojia
Hapana, ndugu yangu, na kosa hilo hulifanya hata wasomi. Asilimia 50 hiyo haimhusu mtu mmoja. Inaeleza ni kiasi gani cha tofauti zilizopo baina ya watu wa jamii fulani kinachoendana na tofauti za vinasaba vyao. Chukua mbegu za mahindi zilizochanganyika, uzipande katika shamba moja lenye rutuba ileile: mahindi yakitofautiana urefu, sababu kubwa itakuwa mbegu. Chota nyingine katika gunia hilohilo uzipande kwenye kichanga, na shamba zima litadumaa, ingawa mbegu ni zilezile. Kipimo cha urithi ndani ya shamba la kwanza hakikukuambia lolote kuhusu kichanga.

Mkemia
Naongeza mfano ambao hunishangaza kila ninapoufundisha. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana aina ya jeni iitwayo ALDH2 ambayo kimeng'enya chake hushindwa kuvunja vizuri sumu inayotokana na pombe mwilini; akinywa kidogo tu, uso humwiva, moyo humwenda mbio na kichefuchefu humshika, hivyo wengi huiacha wenyewe. Huko Japani, mwaka 1979, ni asilimia 2.5 tu ya walevi waliopimwa waliokuwa na nakala moja ya aina hiyo ya jeni. Kufikia mwaka 1992 walikuwa asilimia 13. Vinasaba vya taifa havigeuki katika miaka 13. Kilichobadilika ni jamii, na ulinzi ambao mwili uliutoa ukaanza kuzidiwa.

Afisa Ustawi wa Jamii
Dada yangu, niende kwenye swali lako la pili, ambalo wenzangu wameliruka. Mweleze, na usingoje asimuliwe na kaka yenu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 uligundua kwamba, kati ya walioanza kunywa wakiwa na miaka 14 au chini ya hapo, zaidi ya asilimia 40 walifikia uraibu wakati fulani maishani, na kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ilikuwa takribani asilimia 10. Huenda wanaoanza mapema wana tofauti nyingine tangu awali, kwa hiyo takwimu hiyo isichukuliwe kuwa kinga kamili. Lakini umri wa kuonja ni jambo ambalo mlezi anaweza kulisimamia, na damu hawezi. Mwambie kwamba mwili wa baba yake ulinaswa na pombe upesi, kwamba huenda wake ukawa hivyo pia, na kwamba ndiyo maana hukubali aonjeshwe hata kwenye sherehe.

Shangazi Mlezi
Ahsanteni sana. Hilo la sherehe limenigusa, kwani Krismasi iliyopita ni kaka yetu huyohuyo aliyemwonjesha bia huku watu wakicheka. Nitaanza na kaka, kisha nizungumze na mtoto.