Mjadala: Vimeng'enya vya vimelea vya malaria vinatuhusu nini sisi wa Visiwani?

Mwalimu wa sayansi, Wete

Assalamu alaikum ndugu zangu. Katika kikao cha wazazi na walimu hivi karibuni, mzee mmoja alisema kwamba vijana wetu wanaosomea bayokemia wasigharimiwe na serikali kwenda kuchunguza vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli) vya vimelea vya malaria, kwa kuwa Zanzibar imekwisha kuishusha malaria chini ya mtu mmoja katika kila mia, na fedha iliyopo iende kwenye vyandarua na upuliziaji. Mimi nasema sehemu ya fedha hiyo iende maabara, na anayepinga naomba apinge kwa hoja.

Msingi wangu ni huu. Kimelea cha Plasmodium falciparum hujitengenezea foleti, vitamini inayohitajika kuunda DNA, ilhali sisi tunaipata katika mchicha na kunde. Salfadoksini, iliyomo katika vidonge vya malaria vya SP, hukizuia kimeng'enya kimoja cha kazi hiyo ambacho mwanadamu hana kabisa. Mwenzake, pirimethamini, hukizuia kingine ambacho sisi pia tunacho, ila cha kimelea kina umbo lililotofautiana na letu kiasi kwamba dawa hukishika hicho kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtafiti hutafuta kitu ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila yake, nasi hatudhuriki kikiguswa. Ni kweli kwamba SP ilishindwa, lakini tunajua imeshindwaje: badiliko dogo katika nafasi ya 108 ya mnyororo wa kimeng'enya hicho cha pili hulegeza mshiko wa pirimethamini, na mabadiliko mengine, katika nafasi ya 51 na ya 59, huuzidisha usugu. Watafiti wa Thailand walilisoma umbo la kimeng'enya sugu, kisha mwaka 2012 wakatangaza P218, kiambato chenye mkono unaoweza kujikunja na kulikwepa badiliko lile. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa chandarua.

Afisa wa afya ya jamii, Micheweni

Wa alaikumu s-salaam, Maalim. Elimu yako naiheshimu, lakini naona umeanzia mwisho. Wagonjwa walipoongezeka mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, tulichokihitaji ni watu wa kumfuata kila mgonjwa hadi nyumbani kwake, kuwapima anaoishi nao na kumuuliza kama alisafiri, na kazi hiyo inataka posho, vipimo na mafuta ya pikipiki. Dawa mpya huchukua miaka zaidi ya kumi kufika dukani, na nyingi hazifiki.

Nakutolea mfano wa humo humo katika vimeng'enya vyako. Kimelea hakiwezi kuokoteza viambajengo fulani vya DNA kama seli zetu zinavyoweza, bali lazima kivitengeneze, hivyo dawa ya majaribio iitwayo DSM265 ilibuniwa kukizuia kimeng'enya kimoja cha utengenezaji huo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa nchini Peru, kwa baadhi yao malaria ilirudi ikiwa na vimelea vilivyokwisha kubadilika na kuwa sugu, kabla dawa yenyewe haijaingia sokoni. Dawa inayotegemea kimeng'enya kimoja ni nyumba ya nguzo moja. Wazee wetu nao wanakumbuka kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza 1957: ilipositishwa 1968 ugonjwa uliporomokea tena juu yetu, na haukurudi kwa kukosa dawa ya kisasa, ulirudi kwa kuachwa kwa kazi ya kila siku.

Mfamasia, Mjini Unguja

Ninaongeza jambo moja ambalo nyote mmelipita. Vimeng'enya vya mgonjwa navyo vinahesabika. Tangu 2016 dawa mseto ya malaria (artemisinini pamoja na dawa nyingine) hapa kwetu huambatana na dozi moja ndogo ya dawa iitwayo primakwini ili mbu asibebe vimelea kutoka kwa aliyetibiwa, na dozi hiyo ikawekwa ndogo kwa sababu watu wengi wa mwambao wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli nyekundu za damu, na primakwini nyingi ingeweza kuzipasua. Mwenye kutafuta shabaha ndani ya kimelea bila ya kuijua damu ya watu wake atatuletea dawa ambayo sitathubutu kumpa mteja wangu.

Mwalimu wa sayansi, Wete

Dada wa Micheweni, kuhusu posho na mafuta umenishinda, na ninaiondoa hoja yangu ya kuigawa fedha ya ufuatiliaji. Siiondoi ya maabara. Zanzibar iliiacha klorokwini na kushika dawa mseto mwaka 2003, miaka mitatu kabla ya Bara, kwa sababu kuna watu waliopima na kuona kwamba wagonjwa hawaponi. Leo badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kimelea iitwayo K13, linaloidhoofisha artemisinini, limekwisha kuonekana Rwanda na Kagera, na boti kutoka Dar es Salaam zinatia nanga Malindi kila siku. Tukingoja mpaka wagonjwa wakatae kupona ndipo tujue, tutakuwa tumechelewa kwa msimu mzima wa mvua.

Nguzo moja haitoshi, nakubali, na ndiyo maana dawa hizi hufungwa mbili mbili. Lakini ili ujue nguzo ipi imeliwa na mchwa lazima mtu asome jeni za vimelea vinavyopatikana hapa, si vya Peru wala vya Thailand. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Chake Chake tangu 2000, na vijana wa Pemba wanaweza kufundishwa humo bila kupelekwa ng'ambo. Basi nakuuliza wewe unayeingia majumbani: ukishamchoma mgonjwa kidole kwa kipimo, tone moja zaidi juu ya kipande cha karatasi ya kuchujia, likakauka na kupelekwa Chake Chake, litakuongezea kazi kiasi gani?