Kava la balbu limechomoka, mtoto kapigwa shoti, duka linasema mali ikishauzwa hairudishwi

Mama Kulwa, Buhongwa

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa mafundi umeme na wanaojua sheria.

Nipo Buhongwa hapa Mwanza. Tulipohamia nyumba yetu nilinunua balbu za LED za pini, boksi zima, duka moja la vifaa vya umeme mjini kati. Zimeandikwa watt 15, na pembeni ya boksi waranti miaka 2. Muuzaji kwa mdomo wake alisema, "Mama, hizi utazisahau."

Ya jikoni ikaanza kuchezacheza, ya koridoni ikafa. Kilichonileta hapa ni ya chumba cha watoto. Kile kikombe cheupe cha plastiki kimechomoka chenyewe kikaangukia kitandani, ikabaki ile bati ya ndani yenye vidoti vya njano. Doto akapanda kitanda cha juu cha dabodeka kuichungulia, akagusa kwa kidole. Akapiga ukelele, mkono ukafa ganzi. Zahanati wamemwangalia, yuko salama, namshukuru Mungu. Lakini Kulwa anaapa swichi walikuwa wameshaizima! Na kweli, usiku tukizima ile taa huwa inabaki na kimwanga hafifu.

Nikarudi dukani na balbu zangu. Kijana wa kaunta hata hakuzishika, alininyooshea bango ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Bosi wake naye akasema umeme wa nyumbani kwangu ndio mbovu. Risiti niliyonayo ni ya kuandikwa kwa mkono, malipo nilifanya kwa lipa namba.

Je, nina haki yoyote hapa au ndiyo nimeshaliwa? Na hizi zilizobaki nizitoe au niziache? Nawasilisha.

Fundi wa Nyegezi

Pole sana Mama Kulwa, mpe pole na Doto. Tuanze na usalama, hela zitafuata.

Zima meini swichi, halafu toa kila balbu ambayo kikombe chake kinacheza ukikishika. Usikibandike kwa gundi wala solotepu. Kwenye balbu nyingi za bei ya chini hamna transfoma ya kutenganisha umeme wa ndani ya balbu na umeme wa nyumba. Vile vidoti vya njano na solda zake viko kwenye umeme wa nyumba moja kwa moja. Kikombe kile watu wanadhani ni cha kutawanya mwanga tu, kumbe ndicho kinga yako. Kikichomoka, una waya ulio uchi juu ya kitanda cha mtoto.

Sasa hili la swichi. Bosi wa duka ana nusu ya hoja, ila hajui ni nusu ipi. Shoti ikikupiga swichi ikiwa imezimwa, mara nyingi aliyefanya wayaringi alipitisha swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta moto). Ukizima, taa inakata, lakini moto bado umekaa kwenye holda unasubiri mtu. Kile kimwanga cha usiku ni dalili mojawapo, ingawa hata waya ndefu zilizolazwa pamoja kwenye paipu moja zinaweza kukileta. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime kwa mita: swichi ikizimwa, holda isiwe na moto hata chembe. Akikuta imegeuzwa, akague nyumba nzima, maana aliyekosea chumba kimoja hakuwa na sababu ya kupatia kingine.

Ila swichi kuwa kwenye nyutro hakuchomoi kikombe cha balbu, na hakuui balbu ya koridoni. Vitu hivyo huletwa na joto na gundi duni. Balbu inabebeshwa umeme kuliko bati yake inavyoweza kupoza, gundi inakauka, kidoti kimoja kinaungua. Vimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kimoja kikifa vyote vinazima. Itazame ile ya koridoni: ukiona kidoti chenye doa jeusi katikati, ndicho kilichoanza. Na asije kijana wa mtaani akakwambia anakiunga kwa solda. Itawaka, ndiyo, lakini vilivyobaki vitabeba mzigo wa mwenzao na joto litazidi.

Ukitaka kumnyamazisha bosi, weka balbu ya kampuni nyingine kwenye holda hiyohiyo ya koridoni. Ikidumu, mbovu ni balbu zake. Kila unayoweka ikifa, hapo kweli tazama holda na viungo vyako. Umeme wetu ni volti 230. Ukiona taa hizi zinang'aa kupita kiasi huku zile zinafifia, acha habari za duka, zima meini uwaite TANESCO, kuna nyutro imelegea.

Chura wa Kirumba

Mama Kulwa rudi kwenye koroboi tu, haijawahi kumpiga mtu shoti 😂

Mjomba Pasiansi

Koroboi imeunguza nyumba ngapi wewe Chura? Tuwe siriasi, mtoto kaumia.

Mama, bango la ukutani halifuti sheria. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa zisizo salama na maelezo ya kupotosha, na kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inayotaka kitu kifae kwa kazi iliyokifanya kinunuliwe. Balbu kazi yake ni kuwaka bila kumpiga mtu. Isitoshe, wao wenyewe wameandika miaka 2 kwenye boksi. Hiyo ni ahadi, hukuilazimisha.

Mlango wa kwanza ni duka, tena kwa barua. Eleza ulinunua nini, kimetokea nini, unataka nini (hela au kubadilishiwa), wapokee kwa sahihi, ubaki na nakala. Wakigoma, FCC, yaani Tume ya Ushindani, wana ofisi hapahapa Mwanza. TBS, yaani Shirika la Viwango, Kanda ya Ziwa nao wapo, na hao ndio wa kupelekea boksi pamoja na balbu ambazo hujazitumia, kwa sababu suala la ubora ni lao na wana nguvu ya kuzuia bidhaa isiuzwe. Ukiishia kugombana kaunta, wewe utapoza hasira, lakini lile boksi jingine litauzwa kesho kwa mtu wa Igogo.

Risiti ya mkono isikuvunje moyo. Muamala wa lipa namba unaonyesha jina la duka, tarehe na kiasi. Piga picha ya ujumbe kabla simu haijapotea. Kutokukupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni kosa lao jingine kabisa. Cheti cha zahanati nacho kitunze.

Na tafadhali usitupe balbu hata moja, hasa ile ya chumba cha watoto. Wengi tunatupa mzoga, halafu tunabaki na maneno.

Duka la Igoma

Mimi nauza hivi vitu, ngoja niseme upande wetu. Si kila muuzaji ni mwizi. Wengine tunaletewa mzigo na mtu wa jumla, boksi linameremeta, hatujui kilichomo. Lakini mimi kila balbu naandika tarehe kwa maka peni kwenye kitako chake, ikirudi ndani ya waranti nabadilisha, kisha nambana aliyeniletea. Anayekataa kushika hata balbu mkononi anajua anachouza.

Kwa mnaonunua: hakikisha boksi lina jina na anwani ya mtengenezaji, si watt peke yake. Stika inaweza kubandikwa na yeyote. Na taa ya nje, hasa nyie wa Bwiru na Capri Point, tafuteni iliyoandikwa IP65, yaani iliyozibwa isipitishe vumbi wala maji ya kurushwa. Wale wadudu wa ziwani wakija na wingu lao wanajaa ndani ya kava la taa yenye mwanya, mvua ikiingia hapo imekwisha.

Mama Kulwa, Buhongwa

Asanteni jamani. Fundi amekuja, amekuta swichi ya chumba cha watoto na ya stoo zote ziko kwenye nyutro, amezigeuza. Balbu zote nimetoa. Dukani nimekwenda na shemeji na barua mkononi. Bosi alipoona neno FCC akawa mpole, anasema atanipa boksi jingine la aina hiyohiyo, "mzigo mpya". Nichukue?

Duka la Igoma

Usichukue, dada. Aina ileile ni ugonjwa uleule. Dai hela yako, au uongeze kidogo upewe za kampuni nyingine, kila moja iwashwe hapo kaunta na kikombe ukivute kwa mkono. Mabovu usimrudishie yote, bakiza ya TBS. Na safari hii usitoke bila risiti ya EFD. Akianza kuzungusha maneno, mwambie unapitia TRA, kwa watu wa kodi, kwanza, utaona anavyokukimbilia hadi stendi.